Pointi 42, na bado machozi

Majuma matatu sasa tumeongea juu ya uji wa watoto na kipimo cha mkono, na tunajua wengine wamechoka na habari ya soya. Basi juma hili tunaweka sufuria kando na kuongea juu ya mpira. Tena si mpira ule ambao vijana wetu wanacheza kwenye kiwanja cha shule. Ni mpira wa Wamarekani, ule wa umbo la yai, ambao wachezaji wanavaa kofia ngumu kama watu wa mgodi.

Sababu ni swali la mama mmoja. Alilileta katika mkutano wa Alhamisi, akaomba tusitaje jina lake. Kijana wake wa pili anaishi California, miaka tisa sasa. Ni mtu wa kazi, ana bibi na watoto wawili, hana tabia ya pombe, na kila mwezi anakumbuka nyumbani. Lakini kila mwaka, tangu mwezi wa tisa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja, bibi yake anampigia mama mkwe simu na kusema: "Mama, siku ya posho imefika tena." Siku ya posho ndiyo siku ambayo vyuo vikuu vya Marekani vinacheza mpira wao. Timu yake ikishindwa, bwana haongei na mtu mpaka kesho yake. Watoto wanakwenda kukaa chumbani bila kuambiwa. Mara moja alitupa sahani ukutani. Na huku kwetu, alfajiri ya Jumapili, mama akiwa anajitayarisha kwenda kununua sambaza, simu inalia: "Mama, ulinzi wetu! Huyu kocha wa ulinzi atatuua!"

"Mara ya kwanza," mama alituambia, "nilifikiri wezi wameingia kwake."

Tulicheka sana. Kisha mama akauliza kwa sauti ya chini kama kijana wake anagonjwa, na hapo kicheko kikaisha. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulikubaliana kwenda kutafuta habari yenyewe, kwa sababu kitu kinachofanya watoto wajifungie chumbani kinafaa kujulikana, hata kama kinatendeka mbali na ziwa letu.

Timu yenyewe ni ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, kule Los Angeles. Wanaiita USC kwa kifupi. Ni timu ya wanafunzi, vijana wa miaka 18 mpaka 22 au 23, lakini msifikiri mashindano ya shule kama tunavyoyajua. Wanacheza katika uwanja wa Coliseum, uliofunguliwa mwaka 1923, ambao umepokea michezo ya Olimpiki mara mbili, 1932 na 1984. Watu makumi ya maelfu wanakuja kutazama. Makocha wanalipwa feza ambazo ukizitaja hapa mtu atasema umeongeza sufuri.

Sasa mchezo. Tutaueleza kwa kifupi, kwa kuwa bila huo hamtaelewa hasira ya kijana. Kiwanja kina yadi 100, karibu mita 91. Timu inayoshika mpira inapewa majaribio manne ili isogee yadi 10, kama mita 9. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa adui. Ukifika na mpira mwisho wa kiwanja unapata pointi 6, kisha unapiga teke moja na kuongeza 1. Kwa hiyo kufika mara moja ni kama 7.

Na jambo kubwa ni hili: wanaoshambulia si wale wanaolinda. Timu moja ina vikundi viwili tofauti. Kikundi cha kushambulia kikimaliza kazi, kinatoka kabisa uwanjani na kukaa kwenye benchi, na kikundi cha ulinzi kinaingia. Kila kikundi kina kocha wake, na juu yao wote kuna kocha mkuu. Katika mpira wetu, Mazembe wakibanwa, hata mshambuliaji anarudi nyuma kusaidia. Kule si kawaida. Anakaa, anakunywa maji, anatazama. Kila alichofunga kinaweza kuliwa mbele ya macho yake, naye amekaa tu.

Mwaka 2021 timu hiyo ilikuwa imeanguka vibaya: ilishinda mara 4 na kushindwa mara 8. Mwisho wa mwaka ule chuo kikamleta kocha mkuu mpya, Lincoln Riley, kutoka Oklahoma. Riley anajulikana kwa kushambulia. Alikuja na rafiki yake wa kazi, Alex Grinch, ambaye alikuwa kocha wake wa ulinzi kule Oklahoma, akampa kazi ile ile. Alikuja pia na kijana mmoja, Caleb Williams, mwenye kuongoza mashambulizi na kurusha mpira. Mwaka 2022 Williams alirusha mpira kwa yadi 4,537, na mipira 42 aliyorusha ilileta pointi za mwisho wa kiwanja. Akapewa tuzo la Heisman, ambalo linapewa mchezaji bora wa vyuo vyote. Timu ikashinda mara 11.

Nani analalamika katika nyumba yenye kushinda mara 11? Lakini tazameni mara tatu walizoshindwa mwaka ule. Mara mbili ni mbele ya Utah, 43 kwa 42 na 47 kwa 24. Mara ya tatu ni mbele ya Tulane, 46 kwa 45. Mara zote tatu adui alipita pointi 40. Fikirini Mazembe wafunge mabao sita Lubumbashi na washindwe saba kwa sita. Mngemuuliza nani, mshambuliaji?

Hiyo ya Tulane ilitendeka tarehe 2 Januari 2023, katika mchezo mmoja mkubwa kule Texas, na kijana wetu wa California bado anaitaja kama watu wanavyotaja mazishi. Tulane ni chuo cha New Orleans, na mwaka mmoja tu kabla kilikuwa kimeshinda michezo 2 na kushindwa 10. Zikiwa zimebaki dakika nne na nusu, USC ilikuwa mbele 45 kwa 30. Tulane wakafika mwisho: 45 kwa 37. Kisha USC wakaupokea mpira vibaya karibu na mstari wao wenyewe, wakabanwa humo ndani na kutoa pointi 2: 45 kwa 39. Kisha Tulane wakashuka kiwanja kizima na kufika tena, zikiwa zimebaki sekunde 9. Wakapiga teke lao, 46 kwa 45. Pointi 15 ziliyeyuka katika muda ambao sombe haijaanza hata kuchemka.

Tulitaka kujua kosa lilikuwa wapi hasa, maana "ulinzi mbaya" ni neno tu. Tuliyoelewa ni haya. Kumkamata mtu anayekimbia na mpira ni ufundi wa mikono na miguu kama ufundi mwingine wowote. Unakaribia, unapunguza mwendo kidogo, unashusha kiuno, unaweka kichwa juu na pembeni, unamzunguka kwa mikono yote miwili, unasukuma kwa miguu mpaka aanguke. Vijana wa USC walikuwa wanafika haraka, lakini wanagonga kwa bega na kuacha. Adui anayumba, anasimama, anaendelea na safari. Siku zote lawama ilikuwa hiyo: wanafika na hawakamati.

La pili ni nafasi. Kila mlinzi ana mlango wake. Wekeni wamama watano kwenye milango mitano ya soko. Mmoja akiona kelele kwenye mlango wa jirani akakimbilia huko kusaidia, ana moyo mzuri, ndiyo, lakini mwizi anatoka kwa mlango wake. Ulinzi wa Grinch ulisifiwa kwa mbio na kwa kupora mpira, na mwaka 2022 kweli waliupora mara nyingi sana. Mpira ukiporwa, watu wanasahau milango iliyoachwa wazi. Mwaka uliofuata haukuporwa hivyo, na milango ikaonekana. Sisi tunaona ni kama nyumba iliyoishi mwaka mzima kwa zawadi za wageni, ikafikiri inajua kupanga matumizi.

Basi washabiki walidai kocha wa ulinzi aondolewe tangu Januari ile. Riley akakataa. Akasema ana imani naye, wataendelea pamoja.

Mwaka 2023 ulianza vizuri. Kabla ya mchezo wa kwanza timu iliwekwa ya 6 katika nchi nzima. Wakashinda sita mfululizo. Lakini ndani ya hizo sita, moja ilikuwa 48 kwa 41 mbele ya Colorado, ambapo walikuwa wameongoza kwa mbali sana na karibu wanaswe, na nyingine 43 kwa 41 mbele ya Arizona, baada ya muda wa nyongeza mara tatu. Kijana wetu anasema alishinda michezo hiyo na hakulala. Kisha Notre Dame wakawapiga 48 kwa 20. Juma lililofuata wakaja Utah.

Hapa tunaomba ruhusa ya kusimama kidogo, kwa ajili ya wamama wetu wanaofuga. Anayeongoza mashambulizi ya Utah siku ile alikuwa Bryson Barnes, kijana aliyekulia kwenye shamba la nguruwe la wazazi wake. Hakuwa mchezaji aliyetafutwa na vyuo vikubwa. Alipewa nafasi kwa kuwa mwenye nafasi aliumia. USC walikuwa mbele 32 kwa 31, na zilibaki chini ya dakika mbili. Mtoto wa nguruwe akaushika mpira, akakimbia katikati ya walinzi wale wenye sifa ya mbio, na Utah wakapiga teke la pointi 3 saa ikimalizika: 34 kwa 32. Mama mmoja katika kikundi, mwenye nguruwe saba, alisema timu yake ni Utah tangu leo. Hatukubishana naye.

Juma lililofuata USC walishinda 50 kwa 49. Pointi 49 zimeingia, na wanaita ushindi.

Na hivyo tunafika tarehe 4 Novemba 2023. Adui ni Washington, nyumbani katika Coliseum. Upande wa USC ukafunga pointi 42, sawa na kufika mwisho mara sita. Washington wakafunga 52. Mchezaji wao mmoja, Dillon Johnson, alikimbia na mpira yadi 256, karibu mita 234, na kufika mwisho mara nne yeye peke yake. Hakuna aliyemkamata. Unaweza kuelewa, kabla hatujasema zaidi, kwa nini simu ya alfajiri ile ilikuwa ndefu.

Lakini si kwa sababu ya hesabu hizo tumeamua kuandika. Tumeandika kwa sababu ya jambo lililotendeka baada ya filimbi. Caleb Williams, mchezaji bora wa nchi, alitoka uwanjani, akapanda mpaka mahali watazamaji wanakaa, akamfikia mama yake, akaweka kichwa kwake na kulia. Alilia kwa kutetemeka mabega. Mama yake akamkumbatia, na wakachukua bango lililokuwa mkononi kumkinga uso ili kamera zisimwone. Alikuwa na miaka 21. Siku ya kuzaliwa kwake ilikuwa bado majuma mawili.

Binti mmoja wa kikundi alitutafutia picha hiyo kwa telefone, tukaitazama sote, tumeinama kama juu ya mtoto mchanga. Kwa dakika nzima hakuna aliyesema kitu. Kisha mama mwenye umri kuliko sisi wote akasema: "Angalikuwa na kikwembe, angemfunika vizuri kuliko na ile karatasi."

Huko Marekani kwenyewe maneno yalikuwa mengi. Wengine walimhurumia. Wengine walimcheka: mwanaume wa namna gani analilia kwa mama yake mbele ya watu? Wengine wakasema ana feza, na ni kweli kwamba tangu mwezi wa saba wa mwaka 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kulipwa kwa jina lao na sura yao, na yeye alikuwa katika matangazo mengi. Kana kwamba mtu akilipwa, macho yake yanakauka.

Katika kikundi chetu pia tuligawanyika, na ni vizuri mjue. Wawili walisema mama angemwambia kijana ajikaze mpaka wafike kwenye gari, maana dunia haisahau. Mmoja alisema kwamba kwake nyumbani bwana alipoiona picha alicheka na kuwaambia vijana wake, "Mnaona, huyu ni wa kike." Wengi wetu hatukubali. Sisi tumeona vijana wengi wa hapa ambao hawakuwa na mahali pa kulilia, na tunajua walikokwenda kuyamwaga. Tungependa kijana alilie kwetu, hata mbele ya kamera kumi, kuliko atupe sahani ukutani mbele ya watoto.

Lakini tukiishia kwenye machozi tutakuwa tumeliacha swali. Swali ni: kwa nini aliyelia ni yule aliyefanya kazi yake? Kijana alipewa kazi ya kuleta pointi. Aliziletea 42. Ambaye kazi yake ilikuwa kufunga mlango alikuwa mtu mwingine, na aliyejua kwamba mlango haufungwi, tangu Januari, alikuwa mtu wa tatu, kocha mkuu, ambaye alimweka rafiki yake mwaka wa pili baada ya kuona yote. Kesho yake, tarehe 5 Novemba, Grinch aliondolewa. Ilikuwa baada ya michezo kumi, na hesabu ya kushindwa ilikuwa imeshafika tatu. Sisi hatusemi Grinch ni mtu mbaya. Watu waliofanya kazi naye wanamsifu, na kule Washington State, kabla ya hapo, alikuwa amesaidia ulinzi dhaifu kusimama. Lawama yetu tunaipeleka juu zaidi. Mtu wa pili anakosea, hiyo ni kazi. Mtu wa kwanza anaona, na anangoja, kwa sababu wamekula pamoja miaka mingi, na wanaolipa ni watoto wa watu.

Hili si geni kwetu. Tunakumbuka kikundi kimoja cha akiba, hatutasema cha wapi, ambapo mweka hazina alikuwa hafungi hesabu. Si kwamba aliiba. Hakujua tu, na hakutaka kujifunza. Wamama walileta akiba yao kila juma bila kukosa. Mwenye kiti alijua miezi minane, lakini mweka hazina ndiye aliyemzalisha mtoto wake wa kwanza, basi akanyamaza. Siku ya kugawa, sanduku likakosa. Na nani alilia pale? Ni mama aliyekuwa ameweka kila juma, ambaye hakukosa hata mara moja.

Na katika mipira ya vijana wetu wenyewe, nendeni mtazame siku moja. Kocha anapanga: mwenye mbio mbele, mwenye chenga katikati, na yule mtoto mnene au mwoga, "wewe kaa nyuma." Nyuma wanawekwa wasiojua, na hakuna anayewafundisha, kisha bao likiingia wanapigiwa kelele. Tumeona mtoto wa miaka 11 anarudi nyumbani akiwa ametukanwa na wanaume wazima kwa sababu hakujua pa kusimama. Hakuna aliyemwonyesha. Kijana wetu wa California, kwa hasira yake yote, hapo ana haki: kulinda kunafundishwa. Hakuji kwa moyo tu.

Kuna jambo tulilolikuta tukitafuta, na lilitufurahisha. Mchezo huu una mtoto wa Congo katika vitabu vyake. Tshimanga Biakabutuka, ambaye Wamarekani walimwita Tim, alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akakulia Canada, akaenda kucheza katika Chuo Kikuu cha Michigan. Tarehe 25 Novemba 1995, mbele ya Ohio State, ambao walikuwa hawajashindwa mwaka mzima, alikimbia na mpira yadi 313. Michigan wakashinda 31 kwa 23. Tulipiga vigelegele, miaka mingi baadaye, kwa mtu ambaye hatujawahi kumwona. Kisha mmoja wetu akasema: na wale vijana wa ulinzi wa Ohio State, usiku ule walilala wapi? Na mama zao?

Tunarudi kwa mama yetu na swali lake. Tulimjibu kwamba kijana wake hagonjwi. Ameona kosa la kweli, na alilitaja kwa jina lake mapema, kabla ya wenye mamlaka kukubali. Lakini kuwa na haki juu ya kocha hakumpi haki ya kuwanyamazisha watoto siku nzima. Grinch hakuisikia ile sahani. Waliyoisikia wako chumbani. Tulimwambia amwambie hivyo, kwa maneno hayo, na asiyafunge kwa sukari, maana yeye ni mama na hilo ana ruhusa nalo.

Alimwambia. Kijana alinyamaza kwenye simu mpaka mama akafikiri mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mama, lakini ulisikia Johnson alikimbia yadi ngapi?" Mama akajibu, "Mia mbili hamsini na sita, na wewe una watoto wawili." Hapo alicheka kidogo. Siku hizi, bibi yake anasema, timu ikishindwa anatoka kutembea kwa miguu saa moja kabla ya kuingia sebuleni. Si kila mara. Mara nyingi.

Kuhusu timu: baada ya Grinch kuondoka, wasaidizi wawili waliushika ulinzi pamoja, na bado walishindwa na Oregon, na kisha na UCLA, jirani wa mji ule ule, 38 kwa 20. Chuo kikaangalia ulinzi wa huyo jirani, kikamchukua kocha wake, D'Anton Lynn. Williams alikwenda kwa wanaolipwa; mwaka 2024 alichaguliwa wa kwanza kabisa katika nchi, na Chicago Bears. Mwaka huo huo ulinzi wa USC ulibadilika kweli: pointi zilizoingia zilishuka kutoka zaidi ya 34 kwa mchezo mpaka karibu 24. Walinzi walijifunza kukamata. Na timu? Ikashinda 7 na kushindwa 6, mara nyingi kwa pointi chache katika dakika za mwisho. Sasa kijana anapiga simu alfajiri akilalamikia kocha mkuu mwenyewe. Mama anasema afadhali, angalau amefika kwenye mlango wenyewe.

Wenye vijana katika timu za mtaa, tunawaomba kitu kimoja kabla ya mkutano wa Alhamisi. Nendeni mara moja kwenye mazoezi, msiende siku ya mchezo, na mtazame nani anawafundisha wale wa nyuma, kwa dakika ngapi, na kwa maneno gani. Tuleteeni majibu kwa mdomo au kwa karatasi. Tutayaandika hapa bila majina. Na habari ya soya itarudi juma lijalo, msijifiche.